Kome Hana Miguu ya Kukimbia



Siku hizi huku Sengerema watu wengi wanachimba mabwawa ya samaki. Ni jambo jema, maana kitoweo ni ghali, na watoto hawakui vizuri kwa ugali mtupu. Lakini nimeona kwamba mtu akishamaliza kuchimba, swali lake la kwanza ni hili: "Samaki hula nini?" Ni wachache wanaouliza la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi: "Samaki huliwa na nani, na je, huyo mlaji yumo humo humo bwawani?" Leo napenda tulizungumze swali hilo la pili.

Mimi nina bwawa dogo, urefu wake hatua 25 na upana hatua 12, chini ya shamba, mahali ambapo ardhi huanza kuteremka kuelekea ziwani. Nafuga sato. Lakini pembeni, penye mchanga, nimeweka viumbe ambao wageni wakiwaona hucheka. Nimeweka kome. Sisemi Kisiwa cha Kome, ndugu zetu wa huko wasikasirike. Nasema wale viumbe wenye magamba mawili yanayofunguka na kufunga kama jalada la kitabu, wanaojizika mchangani katika ziwa letu. Wavuvi waliwapata katika wavu wao, wakawapa wajukuu wangu, nao wakaniomba tuwatie bwawani.

Faida ya fedha sikuitazamia. Ila kome huvuta maji ndani yake na kuyachuja, akila vijani vidogo sana vinavyoelea, na maji yanayotoka kwake ni safi kuliko yaliyoingia. Na akifa, gamba lake twalisaga na kuwapa kuku, ili mayai yapate ganda gumu. Lakini natoa onyo moja kwa wazazi: msiwatume watoto kuingia majini penye majani kuwatafuta kome. Huko ndiko wanakokaa konokono wadogo waletao kichocho, na kichocho si mchezo.

Sasa tumtazame kome mwenyewe. Hana miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma. Ana ulimi mmoja wa nyama wa kujisukuma mchangani polepole, na silaha yake ni moja tu, nayo ni kufunga mlango. Adui akija, hufunga. Lakini kumbukeni kwamba mlango huo huo ndio anaopitishia chakula. Akifunga, hali. Basi silaha yake ndiyo njaa yake.

Ndugu zetu wa pwani wanaye kome mkubwa kuliko huyu wetu. Hukaa katika miamba ya matumbawe, kama ile ya Mafia na ya Kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja. Mdomo wake ni wa nyama laini yenye rangi za buluu, kijani na kahawia. Ndani ya nyama hiyo huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hupokea mwanga wa jua na kumtengenezea kome sehemu kubwa ya chakula chake. Tangu mwaka 1985 biashara ya kome hao kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mkataba wa mataifa, wasije wakaisha.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaowafuga nyumbani, katika sanduku kubwa la kioo lenye maji ya chumvi na taa kali juu yake. Watu hao wamejifunza jambo la ajabu kidogo. Wapo samaki wa rangi nzuri na mwendo wa upole, ambao kila wapitapo humdonoa kome kidogo tu, kama mtu anayeonja mboga jikoni. Kudonolewa mara moja hakuui. Lakini kome hufunga. Akifungua, adonolewa tena, afunga tena. Mwisho hukaa amefunga mchana kutwa, mwanga haumfikii, chakula hapati, naye hufa bila jeraha kubwa mwilini. Mwenye sanduku hushangaa, kwa sababu hakuona vita yoyote.

Kome wetu wa ziwani hali mwanga, lakini taabu yake ni hiyo hiyo. Si lazima aliwe ndipo afe. Akiogopeshwa kila saa inatosha.

Basi, mtu anayetaka kuchanganya viumbe katika maji yaliyozungukwa na kingo afanye nini? Nitasema yale tunayoyafanya hapa kwangu.

Kwanza, kujua tabia ya kila mmoja kabla hajaingia. Kamongo, kwa mfano, ana meno yaliyo kama vibamba, naye huvunja gamba la kome kama sisi tunavyovunja karanga. Kumweka kamongo na kome pamoja ni sawa na kuweka mtama na kuku katika chumba kimoja. Tena kamongo hupumua hewa na kustahimili tope, hata mvua kubwa ikifurisha mbuga aweza kuingia bwawani bila kualikwa. Baadhi ya furu nao wana meno ya kooni yenye nguvu ya kuvunja konokono. Na yuko korongo mmoja ambaye mdomo wake una nafasi katikati hata akiufumba. Kazi ya mdomo huo ni kuwatoa konokono na kome katika magamba yao. Hakuna hata mmoja wa hawa aliye na dhambi. Mungu amewaumba hivyo, na kila mmoja atafuta riziki yake. Kumkasirikia kamongo ni kazi bure. Anayeulizwa ni mwenye bwawa.

Pili, kutazama ukubwa na zamu ya kuingia. Wengi mwajua kwamba sato huzaa upesi. Jike hulea mayai yake kinywani, na baada ya muda bwawa hujaa samaki wadogo wadogo wasiokua kwa kubanana. Kwa hiyo wafugaji huongeza kambale wachache, wale vifaranga waliozidi. Ni shauri zuri, lakini lina masharti. Sato waingie kwanza, wakue. Kambale waingie baadaye, wakiwa wadogo kuliko sato wale wa kwanza. Ukigeuza zamu hiyo, kambale hatakula vifaranga peke yao, bali atamaliza bwawa zima. Hata kambale kwa kambale, mkubwa humla mdogo, na ndiyo sababu wafugaji huwachambua kila mara na kuwatenga kwa ukubwa.

Tatu, kutotegemea shibe. Mtu husema, "Nawalisha vizuri, hawatadhuriana." Kweli, chakula cha kutosha hupunguza ugomvi. Lakini samaki aliyeshiba leo atakuwa na njaa kesho, na siku utakapokuwa msibani au safarini hakuna wa kumlisha. Kwa sababu hiyo sehemu ya kome nimeizungushia wigo wa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Maji hupita, meno hayapiti. Wavu kama huo nimeuweka pia penye mfereji wa kuingizia maji.

Nne, kwenda kutazama usiku. Mchana kila bwawa ni la amani. Kambale hutoka kuwinda giza likiingia. Nachukua tochi, nainama taratibu. Kome aliye salama huacha ufa mdogo kati ya magamba yake. Nikimkuta amefunga siku moja, simjali. Nikimkuta amefunga siku tatu mfululizo, najua yuko anayepita hapo, nami namtafuta.

Jirani yangu mmoja aliniambia, "Mzee, kwa nini unahangaika na vidogo hivi? Tafuta sangara wachanga, utie. Watakua upesi, utauza kwa kilo." Nikamwonyesha ziwa kwa kidole, nikamwambia, "Shauri lako lilikwisha kujaribiwa kule."

Sangara si mwenyeji wa ziwa letu. Alitolewa katika maziwa mengine ya kaskazini, akatiwa upande wa Uganda kwa siri mwaka 1954, kisha waziwazi mwaka 1962 na 1963. Nia yao ilieleweka: ziwa lilijaa furu wadogo wasio na bei, na walitaka samaki mkubwa awale hao, kisha watu wamle yeye. Kwa miaka mingi haikuonekana hatari. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Katika miaka ya 1980 sangara akajaa katika Ghuba ya Mwanza, hii hii inayotutenganisha sisi wa Sengerema na mji. Wataalamu wa Tanzania na wa Uholanzi, waliokuwa wakichunguza furu wa ghuba hiyo tangu miaka ya 1970, waliona aina moja baada ya nyingine ikikosekana katika nyavu zao. Ziwa lilikuwa na aina 500 hivi za furu. Inakadiriwa kwamba 200 hivi zilitoweka. Uchafu ulioingia majini kutoka mashambani na mijini nao uliongeza msiba huo.

Sitaki kumsingizia sangara. Amejenga nyumba nyingi za bati katika vijiji vyetu, amesomesha watoto, na viwanda vya minofu vya Mwanza vilisimama kwa ajili yake. Nasema tu kwamba wale furu hawakuulizwa, na hawakuwa na pa kukimbilia. Waliopona ni hasa wale waliokuwa na ukuta: kati ya mawe, au ndani ya mafunjo, ambako maji yana hewa kidogo na sangara haiwezi hali hiyo. Huko Kenya, katika ziwa dogo la Kanyaboli, ngege waliendelea kuishi nyuma ya kinamasi cha Yala baada ya kukaribia kwisha katika ziwa kubwa. Nao wavuvi walipomvua sangara kwa wingi, baadhi ya furu wakaonekana tena. Ukuta una kazi yake, ndugu zangu, hata ukiwa wa majani.

Nisingeandika haya yote kwa ajili ya kome peke yao. Nafikiri nyumba zetu pia ni maji yenye kingo, na ndani yake hukaa wakubwa na wadogo, wenye kelele na wanyamavu.

Naijua familia moja iliyopokea binti yatima wa miaka 8, kutoka ng'ambo ya ziwa. Walimpokea kwa moyo mwema. Hakupigwa wala kunyimwa chakula. Lakini watoto wa nyumba hiyo walimcheka matamshi yake. Kwenye sinia mikono yao ilikuwa myepesi kuliko wake. Akiketi penye mkeka, husogezwa. Kila jambo lilikuwa dogo, na ukiwauliza wangesema ni utani. Baada ya miezi miwili mtoto hakusema tena. Shuleni mwalimu alidhani ni mzito wa akili. Watu wazima walisema, "Ana tabia ya ukimya," wakaridhika.

Bibi wa nyumba hiyo hakuridhika. Alikuwa na desturi ya kuzunguka usiku na taa kabla ya kulala, akamkuta mtoto macho wazi, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuitisha mkutano. Kesho yake alimpakulia katika sahani yake mwenyewe, akamketisha ubavuni pake. Akahamisha malazi yake, akalala chumbani kwa bibi. Wale vijana hakuwafukuza, maana nao ni wajukuu zake. Aliwaambia tu kwamba yeye ana masikio. Nilipomwuliza habari hiyo alinijibu, "Mtoto mdogo haambiwi avumilie, mwanangu. Hutengewa sahani." Ilipita muda mrefu kidogo kabla mtoto hajacheka mezani. Sasa huimba katika kwaya ya watoto kigangoni, na sauti yake haina haya.

Sisi wazazi hupenda kuwaambia wanyonge wawe hodari. Ni neno jema kwa wakati wake. Lakini kome hawezi kuota meno kwa kuhubiriwa, na mtoto wa miaka 8 hawezi kushindana na watano waliomzidi. Yampasa mwenye nyumba kujua nani alale na nani, nani ale na nani, na nani aongozane na nani njiani kwenda shule.

Nabii Isaya alitabiri siku ambayo mbwa mwitu na mwanakondoo watakaa pamoja bila kudhuriana. Twaingoja siku hiyo kwa matumaini. Bwawani kwangu haijafika, na nadhani hata katika nyumba zetu nyingi bado. Basi leo jioni, mkisha kusali rozari, kabla taa haijazimwa, mtazameni yule aliye mdogo kuliko wote nyumbani. Kama amekuwa mkimya siku nyingi, msiseme ni tabia yake. Tafuteni kwanza ni nani anayepita hapo.