Elfu Nne Mia Tano

Vitabu vya uhasibu huiita kazi hii usuluhishi wa benki, kana kwamba benki na daftari lako wamekosana na anatafutwa mzee wa kuwaketisha. Chuoni, kabla karo haijaisha nikiwa mwaka wa pili, tuliifanya kwenye karatasi kwa kampuni za kubuni zilizouza viti. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja kampuni itakuwa wewe mwenyewe, na laptopu, na keja ya chumba kimoja Kahawa West.

Nilipakua GnuCash kwa sababu ni ya bure. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani KRA, ilikuwa inakaribia, na nilitaka kujua mwaka jana uandishi uliniletea ngapi hasa. Nikaanza na miezi mitatu ya kwanza.

Programu inakuuliza tarehe ya stetimenti na salio la mwisho, basi. Halafu inakufungulia pande mbili, pesa zilizoingia na zilizotoka, na unatia tiki kila kitu ambacho benki pia inakitambua. Chini kuna namba moja: tofauti. Kama si 0.00, kitufe cha kumaliza hakibonyezeki.

Vidogo vilijitokeza kwanza. Ada ya benki, na chini yake mstari mwingine, ushuru wa serikali juu ya ada hiyohiyo. Kisha M-Pesa. Kwa benki, shilingi iliyoenda kwa simu imetoka, hadithi imeisha. Lakini haijatumika, imehama mfuko tu. Ikabidi niifungulie M-Pesa akaunti yake, ndipo nikaona njia zake zote: rent, tokeni za stima, bando, na kila tarehe tano, mama. Programu inataka kila pesa iwe na kundi. Mama nilimtafutia kundi kwa muda mrefu kuliko vitu vingine vyote. Matumizi? Deni? Mwishowe nikamfungulia akaunti inayoitwa Mama.

Namba ikagoma kwa 4,500.00. Hiyo ni nusu ya rent yangu.

Zilikuwa ankara tatu za shirika ninaloliandikia ripoti, Sh30,000 kila moja. Daftari langu lilisema 90,000. Benki ilisema 28,500, mara tatu.

Kukatwa kwenyewe si wizi. Sheria inamtaka mteja azuie asilimia 5 ya malipo ya kazi ya kitaaluma yakifika Sh24,000 kwa mwezi, aipeleke KRA kwa PIN yako, nawe upate cheti kwenye iTax. Ukipeleka ritani, pesa hiyo inahesabiwa kuwa ushalipa. Nikaingia iTax kutafuta vyeti vyangu. Hakuna hata kimoja. Yaani mbele ya KRA mimi ni mtu aliyepata 90,000 na hajalipa hata ndururu, na ile 4,500 imekaa kwa mtu.

Sikuiandika kama hasara. Niliifungulia akaunti upande wa mali, Kodi Iliyozuiwa, kwa sababu bado ni yangu. Tofauti ikawa 0.00. Nikabonyeza kumaliza, na safu nzima ya herufi n ikageuka kuwa y.

Nikamwandikia mhasibu wao. Si ile meseji ya wafanyakazi huru, "samahani kwa usumbufu, nilikuwa nauliza tu kuhusu ile kitu." Nilimpa tarehe tatu, ankara tatu, kiasi kilichoingia, kiasi kilichokatwa, na PIN yangu. Akajibu jioni: "Sawa dada, nitacheki."

Anapocheki, nimefungua Aprili. Ankara, 30,000. Benki, 28,500. Nimemtumia na hiyo.