Mombasa Inavyoonekana Kutoka Majini



Kila mwaka, katika muhula wa pili, mimi na walimu wenzangu wa Kiswahili na Historia huwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kuuzunguka Mji wa Kale wa Mombasa kwa mashua. Safari yenyewe huchukua saa mbili hivi. Watalii huipenda kwa sababu ya upepo na picha. Sisi huipenda kwa sababu ina mengi yanayoulizwa katika mtihani, na yako mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuyaona kwa macho yake. Katika insha hii nitakueleza tunayoyaona tukiwa majini, kisha nitakuonyesha jinsi ya kuyatumia unapoandika, hata kama wewe hujawahi kuiona bahari.

Kwanza, elewa jinsi mji ulivyokaa. Mombasa ni kisiwa. Upande wa mashariki kuna mkono wa bahari unaopita mbele ya Mji wa Kale na kuingia ndani hadi hori ya Tudor. Upande wa pili kuna Kilindini, bandari kubwa ya leo. Mtu anayefika kwa basi au kwa gari moshi huingia mjini kwa mlango wa nyuma. Waliokuja zamani walifika kwa vyombo vya baharini, na mji ulijengwa ukiwatazama wao. Ndiyo maana mambo mengi yasiyoeleweka ukiwa barabarani huwa wazi ukiwa majini.

Chukua mfano wa Fort Jesus. Ukifika pale kwa miguu, unaona lango, unalipa kiingilio na kuingia makumbusho. Ukiwa ndani ya mashua unaona jambo jingine: kuta nene zilizosimama juu ya mwamba wa matumbawe, na chombo chochote kinachoingia Bandari ya Kale hakina budi kupita chini yake. Mzinga mmoja ukutani ungetosha kukizuia. Hapo mwanafunzi hahitaji kukariri kwa nini Wareno waliijenga ngome mahali hapo. Sababu anaiona.

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka wa 1498, hakupokewa vyema, akaendelea hadi Malindi. Karibu karne moja baadaye, mwaka wa 1593, Wareno walianza kuijenga ngome hiyo kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Hata hivyo, kuta hizo hazikuwapa usingizi. Mwaka wa 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa, aliwageuka, akamuua kapteni wao na kuiteka ngome. Walirudi mwaka uliofuata. Mwaka wa 1696 Waomani waliizingira, na mazingira hayo yakaendelea karibu miaka mitatu, hadi Desemba 1698. Wengi waliokuwa ndani waliuawa na maradhi kuliko risasi.

Nahodha anapopunguza mwendo mbele ya ngome, mimi huwaambia wanafunzi watazame maji, wala si kuta. Chini pale kuna mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyoleta msaada kutoka Goa na kuzama mwaka wa 1697 wakati wa mazingira hayo. Wanaakiolojia waliyachunguza mabaki hayo kati ya mwaka wa 1977 na 1980, na vitu vingi vilivyotolewa vimehifadhiwa ndani ya ngome. Wanafunzi hunyamaza kidogo wakisikia kwamba wanaelea juu ya meli.

Ukiisogelea Bandari ya Kale, unaziona nyumba zenye roshani za mbao, misikiti, na ngazi za Leven zinazoshuka hadi majini. Jina hilo ni la meli ya Waingereza ya Kapteni Owen, ambaye mwaka wa 1824 aliiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa muda mfupi, wakati Wamazrui walipomwogopa Seyyid Said wa Oman. Zama hizo ndizo za Muyaka bin Haji, mshairi ambaye jina lake unalifahamu kutoka kwenye somo la fasihi. Siasa alizozitungia mashairi zilikuwa siasa za bandari hii.

Hapa ndipo unapoielewa biashara ya Bahari ya Hindi. Pepo za kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, zilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia, vyombo vya kauri na nguo. Pepo za kusi ziliyarudisha yakiwa na pembe za ndovu na boriti za mikoko, ambazo zilitakiwa sana katika nchi zisizo na miti ya kujengea. Baharia hakuweza kurudi kwao kabla upepo haujageuka. Alikaa miezi kadhaa, akapanga nyumba, akajifunza lugha, wengine wakaoa. Ukiulizwa jinsi upwa ulivyoathiriwa na wageni katika lugha, dini na mapishi, anza na upepo. Hata maneno kaskazini na kusini yana uhusiano na majina ya pepo hizo.

Kuna shehena moja ambayo kiongozi wa watalii mara nyingi huigusia kwa sentensi moja tu kisha akaendelea na habari za viungo na mazulia. Binadamu pia waliuzwa na kusafirishwa katika maji haya. Mashua inapoelekea daraja la Nyali, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kuna mtaa wa Freretown. Mkataba wa mwaka wa 1873 uliharamisha usafirishaji wa watumwa baharini, na muda mfupi baadaye wamishenari wa Kianglikana waliwatengea makao hapo watu waliokombolewa kutoka kwenye vyombo vya wafanyabiashara. Kengele ilijengwa ili watu waonywe hatari ikitokea, na ndiyo iliyopaita mahali hapo Kengeleni. Leo watu huiita Kengeleni kama kituo cha matatu. James Mbotela, mwandishi aliyetokana na jamii hiyo, aliandika kitabu cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka wa 1934.

Mimi huwaomba wanafunzi waandike katika madaftari yao kile kiongozi alichokisema na kile alichokiruka. Sifanyi hivyo ili kumlaumu. Kazi yake ni kuwafurahisha wageni. Kazi ya mtahiniwa ni nyingine. Mwanafunzi akirudia tu simulizi la kuwapendeza watalii, atausifu mji na kuwasahau waliouteseka. Tena wajukuu na vitukuu vya watu hao wako, pengine hata katika darasa lako.

Baada ya daraja, mikoko huanza na kelele za mji hupungua. Upande wa Kilindini, ambao mashua ndogo haziruhusiwi kuukaribia ovyo, kuna winchi ndefu na meli zilizobeba makontena ya Kenya, Uganda, Rwanda na hata mashariki mwa Kongo. Jina lenyewe linaeleza sababu: kilindi ni mahali penye maji ya kina. Meli za mvuke zilipozidi ukubwa, Bandari ya Kale haikuzifaa, na katika miaka ya 1920 Kilindini ikajengewa magati ya maji ya kina. Jahazi halikushindwa na jingine. Lilishindwa na kina cha maji.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya niandike insha hii.

Mwaka mmoja tulikuwa na mvulana ambaye hakupenda kuzungumza darasani. Tulipopanda mashua, alimwamkia nahodha, "Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nahodha alianza kutuonyesha sehemu za chombo. Kila alipogusa kitu na kuuliza jina lake, wanafunzi walitazamana. Mvulana yule akawa anajibu kwa sauti ya chini: mlingoti, foromali, tanga, mkuku, usukani. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Pale chini panapokusanyika maji ya kufumwa ni ngama. Ghafla darasa zima likaielewa methali ambayo walikuwa wameikariri tangu shule ya msingi: hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

"Wewe umefundishwa na nani?" nahodha akamuuliza.

"Baba yangu ni mvuvi."

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, mvulana huyo alikuwa ameniandikia insha juu ya safari asiyoweza kuisahau. Alisafiri kwa ndege hadi London, akalala katika hoteli ya kifahari, akala vyakula asivyovitaja majina. Nilimpa alama 7 kati ya 20. Tuliporudi shuleni nilimuuliza kwa nini hakuandika juu ya bahari. Alinijibu, "Mwalimu, hayo ni mambo ya nyumbani. Nilidhani mtihani unataka mambo makubwa."

Jibu hilo nimelisikia kwa namna nyingi kutoka kwa wanafunzi wengi. Mtoto wa mkulima huandika juu ya meneja wa benki. Binti anayemsaidia mamake kuuza samaki huandika juu ya tajiri wa Marekani. Wanaamini kwamba maisha yao hayafai kuwekwa kwenye karatasi ya mtihani, na imani hiyo inawapotezea alama kila mwaka.

Nilimwomba aandike upya. Safari hii alieleza siku ambayo baba yake aliipweleza mashua ufuoni kuifanyia kalafati: jinsi walivyoshindilia pamba katikati ya mbao, wakapaka sifa yenye harufu isiyotoka mikononi kwa siku tatu, huku wakiyakimbiza maji yasije yakajaa kabla hawajamaliza. Bado alikuwa na makosa ya upatanisho wa sarufi na tahajia. Lakini nilisoma hadi mwisho nikitaka kujua kama maji yatawahi. Nilimpa alama 13. Alipofanya mtihani wa kitaifa mwaka uliofuata, Kiswahili ndicho kilichompandisha hadi gredi iliyohitajiwa na chuo alichokitaka.

Kumbuka kwamba mtahini anasahihisha mamia ya insha. Amekwisha kukutana na jua lililochomoza kwa madaha na ndege waliotumbuiza. Hajakutana na sifa isiyotoka mikononi. Kwa hivyo, unapojiandaa, zingatia mambo haya:

1. Andika unachokijua. Kama ni bahari, andika bahari. Kama ni chai, mifugo, soko au jua kali, andika hilo.

2. Taja vitu kwa majina yake. "Foromali" ina uzito kuliko "mti fulani wa mashua". Waulize wazee wa kwenu majina ya vifaa vyao na uyaandike daftarini. Huo ndio msamiati ambao mtahini anautafuta.

3. Tumia methali pale inapozaliwa na kisa. Methali tano zilizorundikwa katika utangulizi hazikuongezei alama. Moja iliyokaa mahali pake inatosha.

4. Uliza nini kimeachwa. Unapoelezwa habari za mahali, jiulize ni nani hakutajwa. Swali hilo litakupa hoja ambazo wenzako hawana.

Pengine utasema huna pesa za kukodi mashua. Ukiwa Mombasa, abiria wa miguu havilipii kivuko cha Likoni, na kutoka juu ya feri unaiona njia inayopitwa na meli zote za Kilindini. Ukiwa bara, mto wenu una daraja, na daraja lina historia. Simama hapo dakika kumi ukiwa na kalamu. Utaandika insha ya maneno 400 bila kumkopa mtu yeyote London.

Nakutakia maandalizi mema.

ZOEZI

1. Eleza sababu mbili zinazotajwa katika insha hii zilizofanya Bandari ya Kale ipoteze umuhimu wake kwa Kilindini.

2. Kwa kurejelea pepo za kaskazi na kusi, fafanua jinsi hali ya hewa ilivyochangia kukua kwa Kiswahili katika upwa.

3. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) ngama (b) kalafati (c) shehena (d) hori.

4. Andika kisa kinachothibitisha ukweli wa methali: Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kisa chako kitokee mahali unapopafahamu vyema.