Noeli Katika Theluji ya Buffalo

Watu wa kwetu wakitaja theluji hutaja ile ya Kilimanjaro, tunayoitazama kwa mbali wala haitudhuru. Mmisionari Rebmann alipoiona mwaka 1848 akaandika habari zake, wataalamu wengine wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Lakini theluji ya mlimani na theluji ijayo mlangoni ni vitu viwili mbalimbali. Hii ya pili tuliijua mwezi wa Desemba, 2022, sisi walimu wawili, tulipokuwa wageni katika nyumba ya Wakristo wa Kongo mjini Buffalo, katika nchi ya Marekani.

Mji huo una watu wengi waliokimbia vita vya Kongo na Burundi, hata mitaa mingine mtu husikia Kiswahili dukani. Nao umejengwa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Wasomaji wa Bukoba watafahamu upesi maana ya jambo hili, kwa kuwa wao hupata mvua nyingi kuliko watu wa Mwanza, sababu upepo unaovuka Ziwa Nyanza huchukua mvuke na kuutua upande wao. Kule Buffalo ni vivyo hivyo, ila mvuke hushuka kuwa theluji. Ziwa Erie lina urefu wa karibu kilometa 390, na upepo wa kusini-magharibi hulipita kwa urefu wake. Mwezi wa Desemba maji yake kwa kawaida hayajaganda bado, nayo yana joto kupita upepo ule. Basi upepo hunywa mvuke njia nzima na kuumwaga juu ya mji. Ziwa likiisha kuganda, theluji ya namna hii hupungua.

Ijumaa tarehe 23 kulipopambazuka mvua ilikuwa ikinyesha, na mwenyeji wetu, baba wa nyumba, alikuwa amekwenda kazini tangu usiku. Asubuhi ile ile upepo uligeuka ghafula, baridi ikashuka chini ya kipimo cha kuganda kwa maji, na nyumba ya jirani iliyo ng'ambo ya njia ikatoweka machoni petu. Hatusemi kwamba ilionekana kwa shida, ilitoweka kabisa. Upepo ulivuma kupita kilometa 110 kwa saa, na hali hiyo ya kutoona kitu iliendelea muda wa saa 37. Amri ya kuzuia magari barabarani ilitolewa asubuhi hiyo hiyo, lakini watu wa zamu za usiku walikuwa wamekwisha kuondoka nyumbani zamani. Amri iliyowafikia maskini wakiwa kazini tayari iliwafaa nini?

Mchana umeme ulikatika. Nyumba za kule hupashwa moto kwa mashine iliyo chini ya sakafu, nayo, ijapokuwa yachoma gesi, haiwezi kusukuma joto pasipo umeme. Ikanyamaza. Tulikuwa watu wanane pamoja na watoto, na mama mwenye nyumba akatukusanya chumba kimoja. Magodoro yakatandikwa chini, mablanketi yakatundikwa mlangoni na madirishani, na mifereji ya maji ikaachwa ikidondoka kidogo kidogo, kwa kuwa maji yaliyosimama huganda ndani ya bomba na kulipasua.

Ndugu yake mdogo, kijana aliyefika Marekani mwaka ule ule, akataka kuingiza jiko la mkaa lililokuwa uani. Kwa mtu wa kwetu hilo ni shauri la akili: nani hakuota moto wa mkaa siku ya baridi? Lakini nyumba zetu zapitisha hewa darini na milangoni, na zile zimezibwa kila ufa. Mkaa ukiwaka humo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; mtu huumwa kichwa, husinzia, asiamke tena. Yule mama akasimama mlangoni akamwambia nduguye, “Baridi tutaivumilia. Ile moshi isiyoonekana haina huruma.” Jiko likabaki nje likafunikwa na theluji. Twaandika habari hii kwa makusudi, maana hata huku kwetu wako watu wanaolala na jiko ndani ya chumba chenye madirisha ya vioo yaliyofungwa.

Jambo lililotuumiza zaidi lilikuwa simu ya baba wa nyumba. Alikuwa salama kiwandani, lakini Jumamosi, mkesha wa Noeli, alitaka kuja kwa miguu. Alisema njia haizidi kilometa tatu, naye aijua hata usiku. Sisi nasi moyoni tulitamani aje, kwa kuwa watoto walimwulizia kila saa. Mkewe akakataa. Alimjibu hivi, nasi twasikia: “Bwana yangu, watoto wako wanataka baba, hawataki Noeli.” Kisha wakapatana kwamba simu zifunguliwe saa mbili asubuhi na saa mbili usiku tu, zisije zikazimika. Usiku ule ilipofunguliwa, ya kwake haikuitika.

Mwenyeji wa nchi za joto hupata shida kuelewa ukatili wa hali ile. Sisi tumefundishwa kwamba ndugu akichelewa, watu huwasha taa wakatoka kumtafuta. Kule aliyetoka kumtafuta mwenziwe aliweza kupotea baina ya mlango wake na mti wa uani. Hata magari ya wagonjwa na yale ya kusukuma theluji yalikwama, yakahitaji kuokolewa yenyewe. Basi tukakaa. Jumapili, sikukuu yenyewe, hakuna aliyeweza kwenda kanisani. Tukaimba tukiwa tumejifunika mablanketi, tukala ugali na maharage yaliyopikwa juu ya jiko la gesi, na mama yule aliimba pamoja nasi bila kuuondoa mkono wake juu ya simu. Saa mbili ya asubuhi haikuwa na jibu, wala saa mbili ya usiku.

Jumatatu upepo ulikuwa umetulia. Karibu na adhuhuri tukasikia koleo likikwaruza nje ya mlango. Alikuwa yeye, pamoja na jirani Mmarekani aliyemkuta njiani, wakichimba ngazi. Simu yake ilikuwa imezimika tu. Yeye alikuwa amelala siku tatu juu ya makaratasi ya kufungia mizigo pamoja na wenziwe. Mkewe hakusema neno. Alimvua viatu, akamtazama vidole kimoja kimoja kama vilikuwa vimeganda, kisha akaenda kupika chai.

Baadaye tukasikia ya wengine. Watu zaidi ya 40 walikufa katika wilaya ile, wengine ndani ya magari, wengine njiani, wengine katika nyumba zisizo na moto. Na katika waliokufa mjini Buffalo zaidi ya nusu walikuwa watu weusi, ingawa si wengi hivyo kati ya wakazi wake. Tukasikia pia ya fundi mmoja wa magari huko Cheektowaga, aliyevunja dirisha la shule akawaingiza ndani watu zaidi ya ishirini waliokwama, akaacha barua ya kuomba radhi. Walimu hawapendi kusifu wavunjao madirisha ya shule. Huyu twamsifu.

Theluji iliyopimwa katika uwanja wa ndege ilifika kama sentimita 132. Tarehe 30 joto likarudi, njia zikajaa maji machafu, na gari la baba yule likaonekana mbele ya kiwanda, kwanza paa, halafu vioo. Jioni akaenda na shemeji yake kuliwasha.