Alipoacha Kutuletea Kazi Yake



Ndugu zetu wasomaji, leo tunaandika jambo lililotutia aibu. Sisi ni wanafunzi watano tuliokulia Nakivale, tunasoma Mbarara, na jioni tunaandika programu za kompyuta pamoja. Mmoja akimaliza sehemu yake, wenzake huikagua kabla haijaunganishwa na kazi ya wote. Bila ukaguzi, kosa dogo la mmoja hulala humo, likaja kuwasumbua wote.

Mwaka jana tulituma marekebisho kwenye programu huria ya watu wa mbali. Mkaguzi akatujibu: "Takataka. Nani kawafundisha?" Hakusema kosa liko wapi. Tulilitafuta siku mbili. Kumbe tulisahau kuhakikisha faili lipo kabla ya kulifungua. Maneno matatu yangetosha.

Tulimlalamikia sana mtu yule. Wakati huohuo mdogo wetu wa kikundi, kijana wa Kisomali wa mwaka wa kwanza, alikuwa ameacha kuleta kazi. Tukamdhania uvivu. Siku moja tukayasoma tena maandishi tuliyomwachia: "Ulikuwa umelala?" "Hata mtoto wa madrasa angeliona hili." Na vicheko chini yake. Wallahi, tulikosa la kusema. Aya ya 11 ya Suratul Hujuraat, inayokataza watu kudharauliana, sote tumeihifadhi tangu utotoni!

Wapo wanaosema ukali ndio huleta kazi safi, na humtaja Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991 na kujulikana kwa maneno makali. Hawakimalizi kisa. Septemba 2018 yeye mwenyewe aliomba radhi hadharani, akajiweka kando kwa muda, na mradi wake ukapitisha kanuni za mwenendo.

Siku hizi kwetu, anayekosoa hutaja mstari, sababu na namna ya kurekebisha. Mwenye hasira aandike kesho.

Lakini kwanza ilibidi twende. Ijumaa baada ya swala tulipanda teksi hadi Base Camp, nyumbani kwao. Mama yake alitupa chai ya maziwa bila kujua tumefuata nini. Tulimwomba kijana msamaha mbele yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kaka zangu, ule mstari wa kumi na mbili, kosa lake lilikuwa nini?"

Hatukuwa tumemwambia popote. Tukafungua kompyuta pale mkekani. Adhana ya magharibi ilitukuta bado tuko kwenye mstari uleule.