Punda Wawili, Kutoka Nyumba ya Mungu Hadi Mbaga

Msafiri anayetoka Moshi kwenda Dar es Salaam hupita karibu na Nyumba ya Mungu bila kupaona. Bwawa limejificha upande wa magharibi, nyuma ya nyika ya miiba na vumbi, mahali ambapo maji ya mito Ruvu na Kikuletwa hukutana na kuuanza mto Pangani. Lilijengwa katika miaka ya 1960, na mtambo wake wa umeme ni mdogo, megawati 8 tu. Kwa akina mama wa huku bwawa ni samaki kwanza, umeme baadaye. Perege wabichi na waliokaushwa hutoka hapa kwenda masoko ya Mwanga na Same, na sijapata kuondoka pale bila kapu.

Lakini ukikaa ukingoni asubuhi utaona jambo jingine. Akina mama wa Kimaasai wanafika na punda wao, wanajaza madumu, wanayafunga mawili mawili ubavuni mwa mnyama, kisha wanarudi nyumbani mikono mitupu, wakizungumza. Sasa panda huku kwetu Upare ya Kusini uone nani anabeba. Maji, kuni, majani ya ng'ombe, tangawizi ya kupeleka barabarani, vyote vinapanda na kushuka milima juu ya kichwa cha mwanamke. Mama mkwe wangu amekwisha kupita miaka sitini na shingo inamsumbua. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa aache kubeba mizigo mizito. Hakuambiwa ni nani ataibeba.

Ndipo mimi na mume wangu tukaamua kununua punda wawili kwa familia moja ya wafugaji karibu na bwawa, tuwapeleke kwake Mbaga. Kununua kulikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa ni kuwafikisha. Nyumba ya Mungu iko kama mita 690 juu ya usawa wa bahari na Mbaga ni zaidi ya 1,300, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaipanda kwa mara moja, katika barabara ya udongo yenye kona za kuziba macho.

Binti yetu aliuliza kwa nini tusinunue farasi, kama wale aliowaona kwenye picha wakivutwa na gari ndani ya kibanda chao cha magurudumu. Ni swali zuri. Farasi na nchi hii hawajapatana. Mbung'o humwambukiza nagana, na usubi humletea ugonjwa wa farasi ambao huweza kumwua kwa siku chache. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza likiongozwa na Jenerali Smuts lilishuka kuifuata milima hii ya Upare kuwafukuza Wajerumani. Katika vita ile farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu, na mizigo yao ikahamia vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya wapagazi hao. Punda naye huugua, lakini huvumilia kuliko farasi.

Tulianza kwa afisa mifugo, akawaangalia wanyama na kutuandikia kibali cha kuwasafirisha. Mama, usidharau karatasi hiyo. Punda wengi wameibwa kwa ajili ya ngozi, ambazo huko China huchemshwa kutengenezea dawa. Serikali yetu ilizuia uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo mwaka 2022, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaizuia bara zima. Kwa hiyo mtu mwenye punda garini ataulizwa maswali, na ni haki aulizwe.

Shemeji yangu ndiye aliyeendesha, na gari lilikuwa Canter ya kukodi. Alilirudisha kinyumenyume hadi kwenye tuta la udongo lililolingana na sakafu ya gari, punda wakaingia kwa miguu yao, bila fimbo. Sakafuni tulimwaga mchanga na kutandika majani makavu juu yake ili kwato zisiteleze. Tuliwaweka bega kwa bega, maana wamekua pamoja, na punda akitenganishwa na mwenzake huhangaika na kukataa chakula. Kamba ilifungwa kwenye hatamu, wala si shingoni, kwa fundo la kufunguka ukivuta mara moja. Mnyama akianguka garini hutakuwa na nafasi ya kutafuta kisu.

Kwenye lami hadi Lembeni na Same hakuna la kusimulia. Same tuliiacha barabara kuu tukashika njia ya Kisiwani, milima ikiwa kulia na Hifadhi ya Mkomazi kushoto. Barabara hii ya nyikani si ngeni kwa nchi ya wanyama wanaosafirishwa: mwaka 1997 vifaru weusi waliletwa Mkomazi kutoka Afrika ya Kusini, kwa ndege kwanza, kisha kwa malori. Nikajipa moyo kwamba kama kifaru alifika, punda atafika.

Kisiwani tulipumzika chini ya mbuyu na kuwanywesha. Mmoja alikunywa, mwingine akageuza uso. Tukangoja mpaka naye akanywa. Shemeji alikuwa na haraka lakini alinyamaza, namshukuru.

Kisha mlima. Gari linapanda kwa gia namba mbili, na namba hiyo hiyo hutumika penye kushuka, injini ndiyo izuie gari, kwani breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Kila kona honi. Abiria hujishika chuma kona inapokuja. Punda hana mikono, ana miguu minne tu ya kupanua, na dereva asipompa muda wa kuipanua ataanguka. Mimi nilikaa nyuma pamoja nao nikigonga bodi kila nilipoona magoti yanatetemeka. Katikati ya mlima tulikutana na basi linashuka. Anayepanda na mzigo ndiye apewe njia, na dereva wa basi aliijua desturi hiyo, akarudi nyuma taratibu mpaka penye upana. Abiria wakachungulia madirishani wakicheka. Mmoja akasema fadhila za punda ni mateke. Sijawahi kuupenda msemo huo. Sheria ya Musa, katika Kutoka 23, inamtaka mtu amsaidie hata punda wa adui yake aliyelemewa na mzigo, na sijui kama huyo wa dirishani aliisoma.

Tulifika jua likielekea kuzama. Punda walishuka, wakajikung'uta, wakaanza kula majani ya mama mkwe kana kwamba wamezaliwa pale.

Asubuhi nilimwonyesha mama mkwe namna ya kupakia: gunia nene mgongoni kwanza, kisha madumu mawili ya lita 20, moja kila upande. Hizo ni kilo 40. Punda wetu wa kawaida ana kilo 120 hadi 150, na mzigo wake usizidi theluthi ya uzito huo. Alisikiliza, akaitikia. Halafu akawaswaga punda mbele, naye akafuata nyuma na dumu lake kichwani. Sikuthubutu kusema kitu, ni mama mkwe. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu alirudi kutoka mtoni akiwa ameshika kijiti tu, dumu lake liko kwa punda wa pili, na kanga aliyokuwa akifanyia kata amejifunga kiunoni.

Majirani wawili wamekwisha kuja kuomba wapewe punda siku ya soko wapeleke tangawizi. Kabla ya vuli mume wangu aliwajengea punda banda la bati, kwa sababu manyoya yao hayazuii maji kama ya ng'ombe, na baridi ya Mbaga ikikutana na mvua huwapa homa ya mapafu. Mama mkwe analalamika kwamba punda wamepata bati kabla ya jiko lake. Ana haki. Jiko linangoja mavuno ya tangawizi.