RAV4 ya mwaka gani kwa mawe ya Mapendo?

Familia nyingi za Goma zikipata pesa ya kununua jeep, hazibishani tena juu ya kampuni. Itakuwa Toyota, na mara nyingi itakuwa RAV4. Ubishi ni wa mwaka. Simu inaingia huku Brussels jioni: "Yaya, kuna RAV4 ya 2015 hapa Birere, iko safi kabisa, ongezeni kidogo tuichukue." Nasi tunaongeza, kwa sababu tumezoea maisha ya huku, ambako gari la 2015 linalishinda la 2005 na hakuna cha kujadili. Huku ni kweli. Mapendo, mtaa wetu wa Goma, si kweli kila mara, na inaniuma kuona akiba ya ndugu watatu au wanne ikimalizikia kwenye tarakimu za mwaka.

Tuanze na ardhi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Watu walirudi, wakajenga juu ya mawe yaleyale. Lami ipo kwenye barabara kubwa, lakini ukikata kuingia avenyu za ndani, gurudumu linapanda mwamba mweusi wenye ncha, linashuka shimoni, linapanda tena, na mvua ikinyesha huoni shimo limeanzia wapi. Hakuna gari la familia lililobuniwa kwa ajili ya njia hiyo. RAV4 za mwanzo ndizo zilizokaribia.

Ya kwanza ilionyeshwa Tokyo mwaka 1989 kama gari la majaribio, ikaanza kuuzwa Japani Mei 1994. Kabla yake, aliyetaka jeep ya Toyota mara nyingi alinunua kitu cha ukoo wa Land Cruiser: bodi iliyofungwa juu ya chasi nzito, mashine ya kazi, yale magari ambayo Goma tunayajua kwa nembo za mashirika ya misaada. Hapa Toyota walifanya kingine. Walichukua vyuma vya magari yao madogo, wakaweka injini ya lita 2 ya 3S-FE ambayo mafundi wetu wanaifahamu kutoka kwenye Carina na Corona, wakainua bodi, kisha wakayapa magurudumu yote manne nguvu wakati wote. Ile ya milango mitatu haikufika mita 3.75 kwa urefu. Ya milango mitano ilifuata mwaka 1995. Za gia za mkono zilikuwa na kitufe cha kufunga difu ya katikati, ili gurudumu moja likining'inia hewani mengine yaendelee kuvuta. Kilikuwa chombo chepesi chenye akili rahisi, na fundi aliyelala chini yake juu ya kipande cha katoni aliweza kukielewa chote.

Kizazi cha pili, cha mwaka 2000, kilikuwa kipana na kimya zaidi lakini hakikuacha mambo ya msingi. Zilizokuwa 4×4 zilibaki 4×4 za muda wote, tairi la akiba lilibaki mlangoni nyuma, na matairi ya kawaida yalikuwa 215/70R16. Naomba msomaji atulie kidogo kwenye namba hizo za tairi, maana kwangu zina uzito kuliko mwaka. Zinamaanisha kwamba kati ya rimu na jiwe kuna kama sentimita 15 za mpira. Kwenye RAV4 mpya zenye rimu za inchi 19, matairi yao ni 235/55R19, na mpira huo unabaki karibu sentimita 13. Tofauti ni ya kama sentimita 2 tu, lakini ndipo ncha ya lava inapopasua tairi ubavuni, na tairi lililopasuka ubavuni halizibiki.

Badiliko kubwa lilikuja na kizazi cha tatu, mwisho wa mwaka 2005. Gari lilikua, na likaanza kufikiri kwa lami. 4×4 ya muda wote iliondolewa. Sasa magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na ya nyuma yanaitwa na kompyuta yale ya mbele yakianza kuteleza. Kuna kitufe cha kufunga mfumo huo, lakini ukizidi kilomita kama 40 kwa saa unajifungua wenyewe. Kwa Ulaya ni uamuzi wa busara, kwani unapunguza esansi na ulaji wa matairi. Kwa Mapendo kizazi hicho bado kinafaa, mradi gari liwe 4×4 kweli. Hapo ndipo watu wanapoumia. Tangu kizazi cha pili, ambako zile za injini ya lita 1.8 zilivuta kwa mbele pekee, RAV4 nyingi zimeuzwa bila kitu chochote kinachosukuma magurudumu ya nyuma. Kwa nje zinafanana. Lazima mtu ainame aangalie kama kuna difu nyuma na shafti inayoifikia.

Kizazi cha nne, cha kuanzia 2013, kina jambo ambalo kila anayenunua gari la Japani anapaswa kulijua: Toyota hawakukiuza Japani. Huko waliendelea na umbo la kizazi cha tatu mpaka 2016. Kwa hiyo mtu akikuambia ana RAV4 ya 2015 iliyotoka Japani moja kwa moja, ina umbo la zamani, na hilo si kosa. Akikuonyesha umbo jipya na kusema ni ya Japani, amekosea au anakudanganya. Itakuwa imetoka kwingine, kama Ulaya, Ghuba, Amerika au Australia, na kila mahali pana historia yake. Ya Ubelgiji imepita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Itazame chini, kwenye mikunjo ya chuma na mabomba ya breki. Ya Marekani ya mwaka 2013 iko chini sana, kama sentimita 16 tu kutoka ardhini.

Kizazi hichohicho ndicho kilicholitoa tairi la akiba mlangoni na kulificha chini ya sakafu ya buti. Nyingine huku Ulaya ziliuzwa bila tairi la akiba kabisa, na chupa ya dawa ya kuziba badala yake. Nimesoma waandishi wa magari wa huku wakisifu mlango mpya unaofunguka kwenda juu, na wana haki: ule wa zamani una bawaba zake kulia, na ukiegesha kando ya barabara upande wa kulia unakuzuia kupakia. Lakini mimi nafikiria Mei 2021. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22. Tarehe 27, kabla ya mapambazuko, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, Mapendo ikiwemo. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro, tshukudu (zile baiskeli za mbao) na magari yaliyosimama. Katika msongamano ule, familia yenye watoto, mashuka, masufuria na mzee aliyeketi kiti cha mbele haiwezi kuteremsha kila kitu barabarani ili ifikie tairi lililo chini ya mizigo. Tairi la mlangoni unalifungua, unabadilisha, unaondoka. Mtu wa Brussels akitafuta gari la familia, anauliza juu ya kiti cha mtoto na nafasi ya kuwekea kigari chake. Mtu wa Mapendo anauliza kama litawabeba wote wakiambiwa wahame saa hii.

Kizazi cha tano kilionyeshwa New York Machi 2018, nacho kikauzwa Japani tena kuanzia Aprili 2019. Ni gari zuri, refu la mita 4.6, na la haibridi lililo 4×4 lina mota ya umeme nyuma badala ya shafti. Naliendesha huku na nalipenda. Nyumbani nina hofu moja kubwa nalo: betri ya haibridi hupozwa kwa hewa inayovutwa kupitia tundu lililo chini ya kiti cha nyuma, na vumbi la Goma halina huruma na kichujio chochote. Anayelinunua amwambie fundi asafishe hapo kila anapobadilisha oili. Jambo la kutia moyo ni kwamba Rwanda ilisamehe kodi za magari ya umeme na haibridi kuanzia 2021 (msamaha wa haibridi uliisha 2025), kwa hiyo haibridi zimezoeleka ng'ambo ya mpaka na ujuzi wake uko karibu na sisi. Kizazi cha sita, kilichotangazwa Mei 2025, Marekani hakina tena injini ya esansi peke yake. Miaka 10 ijayo hizo ndizo okazioni zitakazotufikia, tupende tusipende.

Sasa namna ya kununua. Ubelgiji, muuzaji wa gari lililotumika lazima alipeleke kwenye kituo cha ukaguzi kabla ya kuliuza, na lazima ampe mnunuzi karatasi iitwayo Car-Pass. Sheria yake ilianza kufanya kazi mwisho wa 2006. Kila karakana inayogusa gari inaandikisha kilomita zake, na karatasi ile inazipanga kwa tarehe. Ukirudisha namba nyuma, inaonekana. Bila Car-Pass, mnunuzi anaweza kudai mauzo yavunjwe. Nilipofika huku nilidhani ni urasimu mwingine. Leo naona ni heshima kwa mtu maskini, maana tajiri anaweza kununua jipya.

Upande wa pili wa mfumo huohuo unatuhusu. Brussels ilianzisha eneo la magari yasiyochafua hewa mwaka 2018, na kila baada ya muda linafunga mlango kwa kundi jingine. Dizeli za kiwango cha Euro 4 zilizuiwa mwaka 2022. Humo mlikuwemo RAV4 za mazutu za miaka ya kwanza ya kizazi cha tatu. Hazikufa. Nenda mtaa wa Heyvaert, Anderlecht, uone magari yanayosubiri meli za Antwerp kwenda Afrika. Gari linapovuka bahari, Car-Pass yake inakoma, na kilomita zinaweza kuwa chochote. Kwa hiyo ninyi mnaonunua huku na kupeleka, itunzeni karatasi ile na kuituma pamoja na funguo. Na dizeli zenye kichujio cha moshi msizipeleke: kinahitaji safari ndefu za kasi ili kijisafishe, na kutoka Mapendo hadi soko la Virunga hakuna safari ya namna hiyo.

Magari mengi ya Goma hata hivyo yanatoka Japani, kupitia Mombasa au Dar es Salaam. Nayo yana karatasi yake: ile ya mnada, yenye alama ya ubora na mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo. Alama ya R inamaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Komisioneri wa Birere, yaani dalali wa magari, mara nyingi hana karatasi hiyo, au anasema imebaki kwa tajiri. Mwombe namba ya chasi, umtume mtu aitafute. Kwa RAV4 ya kwanza, fungua boneti utafute kibandiko cha mkanda wa taimingi. Mafundi wa Japani huandika kilomita walizoubadilishia. Kwa ya pili iliyotoka Japani, injini ya lita 2 ni 1AZ-FSE, inayopuliza esansi kwa mgandamizo mkubwa moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo haipendi esansi ya chupa tunayonunua kwa Kadhafi, wale wauzaji wa esansi wa pembeni mwa njia. Iliyotengenezwa kwa masoko ya nje, 1AZ-FE, inavumilia zaidi. Ya tatu yenye lita 2.4 ya kabla ya 2010 ina sifa ya kula oili, kwa hiyo mwache fundi aiwashe asubuhi ikiwa baridi na atazame moshi.

Lipo pia suala la volani. Sisi Kongo tunaendesha kulia, na gari la Japani lina volani kulia pia, yaani dereva yuko upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Sake anamtegemea aliyekaa kushoto amwambie kama njia iko wazi. Mara nyingi huyo ni mama mwenye mtoto mapajani, au kijana wa miaka 12. Kwa familia, ningelipa zaidi kupata volani ya kushoto, hata gari likiwa la zamani kwa miaka mitatu. Hapa mdogo wangu hakubaliani nami. Anasema vipuri vya Japani ni vingi na bei ni nafuu, na ana hoja.

Kitu ambacho Brussels hakipo, na ninakithamini sana, ni fundi wa familia. Huku mkaguzi hakujui, anakupa karatasi ya kijani au nyekundu na kukuaga. Mapendo fundi aliyelitengeneza gari la baba ndiye atakayelitazama la mtoto, na jina lake mtaani linategemea jibu lake. Mlipe kabla ya kununua, mlipe vizuri, tena umlipe wewe mwenyewe na si komisioneri. Mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifungwa, na tangu hapo pesa inapita kwa simu au kupitia Gisenyi, na mauzo mengi yanamalizwa kwa mkono. Pesa ikishatoka, hairudi.

Kama ni mimi, kwa nyumba ya Mapendo yenye watu watano au sita, ningetafuta RAV4 ya milango mitano, 4×4, injini ya 1AZ-FE, volani kushoto, ya kati ya 2001 na 2005, au ya kizazi cha tatu yenye shafti niliyoiona kwa macho ya fundi wangu. Pesa inayobaki baada ya kuacha ile ya 2015 isirudi mfukoni. Inunue matairi matano mapya ya 215/70R16, amotiseri nne, na vipira vya mikono ya magurudumu ya mbele, kabla gari halijaanza kupeleka watoto shuleni.