Daftari la Yule Binti

Mama mwenzangu, nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na kwa muda mrefu niliamini kwamba muuguzi mwenye huruma ni yule asiyemwacha mgonjwa ahangaike. Akishindwa kushika kijiko, mlishe. Akishindwa kufunga vifungo, mfungie. Ndivyo nilivyolelewa nyumbani, na ndivyo nilivyofanya kazi wodini, mpaka nilipofundishwa vingine na binti aliyekuwa mdogo kwangu kwa umri na kwa cheo.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa wodi ya wanawake. Tulikuwa na mama mmoja aliyepata kiharusi, na upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea, mkono na mguu. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alikuja, akampima na kupanga mazoezi. Kwa kuwa alikuwa na wodi nyingi za kuhudumia, kazi ya kila siku alimwachia msaidizi wake, ndiye huyo binti.

Pengine wengine mtauliza, tiba kwa vitendo ni nini? Ni tiba ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake: kula, kuvaa, kuoga, kupika, kwenda shambani. Dawa yake ni shughuli yenyewe. Hapa Tanzania wataalamu wake wamekuwa wakifundishwa KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1980, lakini hawatoshi mahitaji. Ndiyo maana msaidizi mwenye bidii ni wa thamani sana.

Nami sikuiona thamani hiyo. Nilimwona binti amekaa karibu na kitanda, mikono mapajani, huku yule mama akihangaika na kifungo kimoja hadi jasho linamtoka. Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nikamkemea mbele ya wagonjwa, "Umekuja kusaidia au kutazama?" Akanijibu kwa upole, "Sista, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikimfungia leo, kesho ataniomba tena." Kisha akafungua daftari lake akaandika, "Amefunga vifungo viwili mwenyewe. Amechoka, tumepumzika." Nikacheka na kusema kwamba daftari halimvishi mgonjwa.

Ijumaa moja alipata habari ya msiba kwao. Kabla ya kuondoka alikuja mezani kwangu anikabidhi kazi. Nilikuwa nikihesabu dawa. Nikamwambia, "Weka hapo, nitasoma." Daftari nikalitia kwenye droo, nikalisahau.

Jumamosi tulikuwa wauguzi wachache. Yule mama nilimlisha uji mwenyewe, nikamvisha haraka haraka, na nilipotaka kumhamishia kwenye kiti nikamshika mkono wa kushoto, nikamvuta. Alipiga kelele ambayo sijaisahau mpaka leo.

Jumanne binti aliporudi, lile bega lilikuwa limevimba na haligusiki. Tulifungua daftari pamoja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa wino mwekundu, "Asivutwe mkono wa kushoto. Misuli ya bega imelegea, haishiki mfupa vizuri." Nilikuwa nimeonywa siku moja kabla, kwa maandishi. Jambo la pili liliniumiza zaidi. Binti alipompa mama blauzi, mama aliirudisha akasema, "Sista atanivisha." Kwa siku nne za huruma yangu alikuwa amejifunza kutojitegemea.

Sasa tazama alichofanya yule binti. Hakunipigia kelele, wala hakwenda kunisema kwa wauguzi wengine. Hakubadili mazoezi kwa akili yake mwenyewe. Siku ileile alimweleza mtaalamu wake yote, kisha wakaja wote wawili, mgonjwa akapimwa upya na mpango ukabadilishwa. Mimi nilichukua faili, nikaandika kwa mkono wangu kile nilichokifanya. Kalamu ilikuwa nzito. Kisha nikamwomba binti msamaha mbele ya wagonjwa walewale waliosikia nikimkemea.

Tangu hapo nimewafundisha wasaidizi wengi, nami huwaeleza mambo manne niliyojifunza kwake.

Kwanza, jua mpaka wa kazi yako. Kupima mgonjwa na kupanga tiba ni wajibu wa mtaalamu. Huko Marekani, ambako wasaidizi wa tiba hii walianza kutambuliwa rasmi mwishoni mwa miaka ya 1950, hata leo wanafanya kazi chini ya usimamizi wake. Lakini msaidizi ndiye anayemwona mgonjwa kila siku, kwa hiyo akinyamaza, mtaalamu anakuwa kipofu.

Pili, andika ulichokiona. "Anaendelea vizuri" haimsaidii mtu. "Ameshika kikombe kwa mikono miwili, amekunywa nusu" inasaidia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nguvu za mgonjwa ni mali pia.

Tatu, kabidhi kazi kwa mdomo na kwa maandishi, na anayepokea arudie alichoambiwa. Hapa kosa lilikuwa la kwangu mimi niliyepokea. Msimamizi asiyekuwa na dakika tano za kusikiliza atazilipa kwa majuma mengi.

Nne, tunza siri. Habari za mgonjwa ni za wanaomhudumia. Nalisema hili hata kwetu akina mama wa kanisani, maana mara nyingine tunatoa ugonjwa wa mtu kama ombi la maombi, na kesho mtaa mzima unaujua kabla mwenyewe hajaturuhusu.

Katika kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa tulikuwa na desturi ya kufika, kumwogesha mgonjwa, kumlisha na kuondoka tukiwa tumeridhika. Siku hizi tunaanza kwa kumwuliza angependa kufanya nini mwenyewe. Nyumbani kwake hubaki daftari la shule, mali ya familia, ambamo kila anayemhudumia huandika mstari mmoja au miwili.

Nawe huenda unamuuguza mama mkwe wako aliyepata kiharusi. Usimnyanyue kwa kuvuta mkono uliolegea. Unapomvisha, anza na mkono huo, na unapomvua, umalizie nao. Mweleze hivyo pia binti wa kazi na watoto wanaokusaidia, usidhani wanajua. Kisha mwachie sehemu anayoiweza, hata kama ni kifungo kimoja. Kaa karibu, uwe tayari kumdaka, lakini mikono yako itulie.

Yule mama bega lilimsumbua kwa miezi kadhaa, na mkono haukurudi ulivyokuwa. Lakini siku moja nilimtembelea kwake nikamkuta jikoni, ameegemeza ndizi mezani kwa mkono wa kushoto, anaimenya kwa wa kulia, polepole sana. Niliinuka nimsaidie. Akanitazama akasema, "Sista, kaa."

Nikakaa.